Msimulizi Anyamazapo, Hapo Ndipo Riwaya Ianzapo

Vijana wenzangu wanaoandika wana lalamiko moja ambalo halishi: eti visa vimekwisha. Kila ukifikiria kisa unakuta mwenzako keshakimaliza. Mpelelezi ana bastola, msichana mrembo ana siri, jambazi ana gari jeusi, na mwisho wote wanakutana hotelini ufukweni. Sina ugomvi na Willy Gamba wa Elvis Musiba wala na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wengi wetu tusingeujua utamu wa kusoma bila wao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaowaiga waigaji wao, halafu tunakaa kijiweni tukisema nchi haina visa.

Mie niliyeishia kidato cha nne, na ambaye riwaya yangu bado imo kwenye daftari la kurasa mia mbili, nathubutu kusema kinyume. Visa vipo, tena vya kweli, tena vya ajabu kiasi kwamba ukivipeleka kwa mhariri kama vilivyo atakwambia umezidisha chumvi. Nimevichagua vitabu vitatu vya watu watatu wa mwambao huu. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mmoja binti wa mfalme, na mmoja mwalimu. Wote watatu vitabu vyao vilichapwa kwanza Ujerumani, si kwetu. Na katika kila kimoja kuna mahali msimulizi ananyamaza. Hoja yangu ni kwamba sisi tunaotaka kuandika riwaya tunapaswa kupiga hodi hapo hapo aliponyamaza.

MTU ALIYEPATA UTAWALA KWA HADITHI

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaeleza kwa Kiswahili baada ya kuombwa na Mjerumani aitwaye Heinrich Brode, na maandishi hayo yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Afrika Mashariki tuliyapata vizuri zaidi mwishoni mwa miaka ya 1950, pale W. H. Whiteley alipoyatoa kwa Kiswahili na Kiingereza.

Hebu tumtazame kwanza kama mwandishi, dhambi zake tutazifikia. Tippu Tip hapambi. Hana mawio ya jua yenye rangi ya dhahabu, hana moyo uliodunda kama ngoma. Anaanza na kijana wa miaka kumi na miwili anayefanya safari za karibu kuuza sandarusi, na kabla hujavuta pumzi mmeshavuka Tabora, deni limeongezeka, mtu amekufa, vita vimepiganwa na vimekwisha. Yeye ana sentensi tatu pale ambapo sisi tungetumia kurasa tano. Bei anazikumbuka. Aliyemkopesha anamkumbuka: Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Frasila za pembe anazikumbuka utadhani alizipima jana. Tofauti na wengi wetu, haogopi kueleza pesa inavyotembea. Soma riwaya za vijana uone: watu wanakula, wanavaa, wanapanda ndege, na hujui hata siku moja nani kalipa. Kwa Tippu Tip kila hatua ina mdai nyuma yake, na ndiyo maana safari zake zina joto. Anayedaiwa hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo anazidi kuingia ndani ya bara.

Sasa sikiliza kisa cha Utetera, ndani ya nchi ambayo leo ni Kongo. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1870. Tippu Tip anapata habari kuwa huko yuko mtawala mzee, Kasongo Rushie, na kwamba zamani, katika vita, mwanamke wa ukoo wake alitekwa akapelekwa mbali asionekane tena. Mtu mwingine angesikia, angesikitika, angepita zake. Huyu bwana akaichukua ile habari akaifanyia kazi. Alipofika akadai kwamba mwanamke yule aliishia mikononi mwa ukoo wake, akazaa, na kwamba yeye Hamed ni kizazi chake. Kwa maneno mengine: mjomba, nimerudi nyumbani. Mzee Kasongo akaamini, au aliona faida ya kuamini, akamkabidhi utawala. Toka siku hiyo pembe zikawa zinaletwa kwa Tippu Tip kama haki ya mtawala, wala halazimiki kuzinunua tena.

Jamani, hilo si jambo dogo. Kuna waliopata nchi kwa bunduki na waliopata kwa mkataba wa ulaghai. Huyu aliipata kwa hadithi. Alitunga mhusika, akampa nasaba, akamwekea machozi mahali panapofaa, kisha akaingia mwenyewe ndani ya hadithi na kuishi humo. Mwandishi chipukizi akitaka kujua nguvu ya kisa kilichosukwa vizuri, asihangaike na vitabu vya nadharia, asome kurasa hizo. Na angalia anavyosimulia: hapepesi jicho. Hajisifu kuwa mjanja, hajitetei. Kwa kutokujitetea kwake, msomaji unabaki na baridi mgongoni.

Ajabu haziishii hapo. Mwenyewe anasema jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliozikimbia. Wengine wamesema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Alikutana na Livingstone mwaka 1867, akamsaidia Cameron mwaka 1874, akamsindikiza Stanley mwaka 1876. Kisha mwaka 1887 likaja jambo ambalo ukiliandika kwenye riwaya utachekwa. Stanley alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, akahitaji msaada wa Tippu Tip. Wakapanda meli Unguja, wakazunguka kusini yote ya Afrika, wakapita Rasi ya Tumaini Jema, hadi mdomo wa mto Kongo, kisha wakapanda mto. Mtu ambaye alikuwa akiingia Kongo kwa miguu kutokea mashariki, safari hii anaingia kwa mlango wa magharibi, mkononi ana cheo cha uwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Mahali penyewe leo panaitwa Kisangani. Bwana mkubwa wa misafara amekuwa mwajiriwa wa mwezi! Hapo pana kichekesho na msiba katika kikombe kimoja, na mtunzi wa tamthilia asiyeona hivyo aweke kalamu chini.

Basi, sifa zinatosha. Tuje kwenye lawama, maana uhakiki usio na lawama ni tangazo la biashara.

Kitabu hiki kina kumbukumbu kali ya pembe na kumbukumbu dhaifu ya watu. Frasila moja ni karibu kilo 16, na kila frasila ilitoka bara ikiwa juu ya bega au kichwa cha mtu. Hao wenye mabega wako wapi? Watawala wana majina, Waarabu wenzake wana majina, Wazungu wana majina. Waliobeba na waliotekwa, karibu wote, hawana. Wanapita kitabuni kama mifugo inavyopita barabarani: unaona vumbi. Msimulizi anayemkumbuka kila mdai wake hakumkumbuka hata mama mmoja aliyemwacha mtoto njiani. Sisemi alisahau. Aliyeweza kukumbuka bei za miaka thelathini nyuma hasahau kwa bahati mbaya.

Na hapo turudi Utetera tuangalie upya. Hila nzima ya Tippu Tip imesimama juu ya mwanamke mmoja aliyetekwa. Bila yeye hakuna nasaba, hakuna utawala, hakuna pembe. Lakini yeye mwenyewe hasemi neno. Hatujui alilia kwa lugha gani, alikufa wapi, wala kama alisikia kwamba mtu mwingine amevaa jina la mwanawe akapewa nchi. Ninachouliza ni hiki: kati ya Tippu Tip na mwanamke huyo, nani mhusika mkuu? Historia imeshajibu. Riwaya haijajibu.

BINTI ALIYEIBA KALAMU

Wa pili ni Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said wa Unguja na Oman, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kwa jina la Emily Ruete. Kinahusu maisha yake alipokuwa binti wa mfalme.

Katika jumba la kifalme wasichana walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Salme akajifunza kwa siri. Alikuwa akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nisitoe mafunzo marefu hapa, lakini kijana mwenzangu unayesema huwezi kuandika kwa sababu huna mashine, fikiria ule mfupa.

Kalamu hiyo ya wizi ikamwingiza kwenye hatari. Baba yao alifariki mwaka 1856, Majid akakaa kitini, na mwaka 1859 ndugu yao Barghash akapanga kumpindua. Wala njama wakamhitaji mtu anayejua kuandika barua. Salme, binti wa miaka kumi na mitano, akawa katibu wa mapinduzi. Nyumba ya Barghash ikazingirwa. Salme na dada yake Khole wakaenda na kundi la wanawake kumwona ndugu yao, na walipotoka kulikuwa na mwanamke mmoja wa ziada: Barghash, amefunikwa gubigubi kwa mavazi ya kike. Wakawachagua wanawake warefu watembee naye bega kwa bega ili kimo chake kisimsaliti. Akavuka ulinzi. Mapinduzi yenyewe yalishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, lakini kutoroka kule kulifana.

Salme anavyosimulia sehemu hii ni utamu mtupu. Tofauti na Tippu Tip, yeye anajua kukutia wasiwasi. Anajua kukuonyesha nguo, kiza, na mlinzi anayesita kumgusa binti wa mfalme. Anajua pia kwamba msomaji wake ni Mjerumani aliyekaa kitini Berlin, na hapo ndipo panapoharibika. Mara nyingi anaacha kusimulia akaanza kueleza: sisi tunakula hivi, sisi tunavaa vile, ninyi Wazungu hamtuelewi. Sura zingine zinanuka darasa. Na katika sura ya utumwa anautetea, akidai utumwa wa kwao ulikuwa mwema kuliko ule wa Marekani. Ni maneno ya mtu aliyehudumiwa tangu utotoni na hakuwahi kumuuliza anayemhudumia.

Lakini ukimya wake mkubwa uko pengine. Salme alipendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Rudolph Heinrich Ruete, akashika mimba. Agosti 1866 akatoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Desemba akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Yule mtoto hakuishi kuufikisha mwaka wake wa kwanza. Miaka mitatu baada ya harusi, 1870, mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto wengine watatu katika nchi ya baridi.

Tafuta hiyo mimba kitabuni. Haimo. Tafuta yule mtoto wa Aden. Hayumo. Binti aliyethubutu kutuambia habari za njama dhidi ya kaka yake hakuthubutu kutuambia hilo, na tunaelewa kwa nini: huko Ujerumani wa wakati ule mjane wa kigeni mwenye watoto watatu alihitaji heshima kuliko alivyohitaji ukweli. Kimya cha Tippu Tip kinawafuta wengine. Kimya cha Salme kinamfuta yeye mwenyewe. Barua alizoandika kuhusu uchungu wa maisha ya Ujerumani zilikuja kuchapwa kwa Kiingereza mwaka 1993, karibu miaka sabini tangu kifo chake mwaka 1924.

Na kejeli ya mwisho haikuhitaji mtunzi. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja akiwa amechukuliwa na meli ya Kijerumani, maana wakubwa wa Berlin walimwona kama karata ya kuchezea siasa zao. Sultani wakati huo alikuwa nani? Barghash. Yule yule aliyetolewa nyumbani kwake kwa nguo za kike. Akakataa kumpokea.

MWALIMU AMBAYE HAKUULIZWA

Wa tatu nitampitia kwa haraka zaidi, kwa sababu kitabu chake hakimhusu, na hilo ndilo tatizo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 likatoka huko Göttingen buku la Desturi za Wasuaheli. Kazi kubwa iliyomo ni ya Mtoro, lakini jina lililokaa mbele ni la Carl Velten, Mjerumani aliyeihariri. Ilibidi ije tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ndipo Mtoro akatambuliwa waziwazi kama mwandishi. Miaka sabini na minane!

Kiswahili cha Mtoro ni kizuri kuliko cha hao wawili. Kimenyooka, kina pumzi, kinajua jina la kila kitu: ngoma, pepo, jando, unyago, posa, mahari, harusi. Anayeandika riwaya ya mwambao wa zamani bila kukipitia kitabu hiki anajipunja.

Ila Mtoro mwenyewe yuko wapi? Mswahili anayeishi Berlin, anayefundisha maofisa wanaojiandaa kwenda kuitawala nchi yake: hiyo si habari? Velten alimuuliza habari za desturi, hakumuuliza habari za maisha yake. Na maisha yenyewe yakaja kupita kitabu. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka pamoja. Mzungu kuolewa na Mwafrika, tena mbele ya macho ya koloni? Haikuwezekana. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika kwa kirefu jinsi ya kuposa, kutoa mahari na kumpeleka bibi harusi nyumbani hakuruhusiwa kumpeleka mke wake nyumbani. Kama ningebuni mimi, mngeniambia nimelazimisha.

BASI TUFANYE NINI?

Nawasikia wapinzani. Wa kwanza atasema: kwa nini umfufue mfanyabiashara ya watumwa, huoni unampamba? Namjibu kwamba hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu ya makala haya. Ukizisimulia ajabu za Tippu Tip kama ajabu tu, umekuwa mpiga zumari wake. Nyumba yake bado imesimama Mji Mkongwe, na mgeni akipita huambiwa habari za mtu mashuhuri. Anayestahili kuitwa wa ajabu ni yule anayebaki kwenye kumbukumbu, na anayebaki ni yule aliyepata nafasi ya kusema. Tusipoingilia kati, orodha ya watu wa ajabu itabaki kuwa orodha ya wenye nguvu. Shaaban Robert alilijua hilo alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, ambaye sauti yake ilikwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928.

Wa pili atasema: riwaya si historia, usitufunge kwenye tarehe. Naam, tena hapo tunakubaliana. Historia ikikosa ushahidi lazima inyamaze. Riwaya ikikosa ushahidi ndiyo inaanza kazi. Lakini ili ujue pa kuanzia, lazima kwanza ujue ushahidi unaishia wapi. Kijana anayebuni bila kusoma anabuni kile ambacho kimeshasemwa, na mara nyingi anakibuni vibaya zaidi.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana upo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, mwaka 1994 alitoa riwaya ya Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Msafara umo, pembe zimo, madeni yamo, kama kwa Tippu Tip. Lakini macho tunayoona kwayo ni ya Yusuf, mtoto aliyetolewa na wazazi wake kufidia deni. Gurnah ameisogeza kamera hatua mbili tu, kutoka kwa mwenye msafara hadi kwa mtoto anayeburutwa nao, na dunia nzima imebadilika. Kinachoniuma ni kwamba riwaya hiyo imetufikia kwa tafsiri, miaka ishirini na minane baadaye. Tippu Tip alisema kwa Kiswahili. Mtoro aliandika kwa Kiswahili. Kwa nini wanaowajibu wajibu kwa Kiingereza peke yake?

Kwa hiyo, wenzangu, tuache kulia kwamba visa vimekwisha. Nenda maktaba, vitafute vitabu hivi vitatu, na usivisome kama mwanafunzi anayetafuta majibu ya mtihani. Visome kama mpelelezi, maana tunawapenda wapelelezi, sivyo? Palipo na maelezo mengi pita. Paliporukwa simama. Uliza nani alikuwa chumbani wakati barua inaandikwa, nani alibeba pembe, nani alimshika mtoto wa Aden alipokuwa anakata roho, Bertha alisema nini melini alipoiona pwani ambayo hataikanyaga.

Na yule mwanamke wa Utetera bado anasubiri mtu wa kumpa sauti. Mwongo mmoja alilitumia pengo lake akapata nchi. Sisi tukilitumia kwa uaminifu, pengine tutapata riwaya.